KUTUMA SI KUFIKISHA: JINSI TAARIFA ZINAVYOSAFIRI BAINA YA KOMPYUTA

Tarehe 11 Novemba, 1918, bunduki zilinyamaza huko Ulaya, kwani mapatano ya kusimamisha Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamekwisha kutiwa sahihi. Lakini katika nchi ambayo leo huitwa Zambia, askari wa Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walikuwa wangali vitani kwa sababu habari hiyo haikuwa imewafikia. Mapigano yalisimama tarehe 14 penye mto Chambeshi, baada ya habari kufika, na tarehe 25 ya mwezi huo jenerali huyo aliweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao siku hizi unaitwa Mbala.

Ujumbe wa kusimamisha vita uliandikwa, tena ulitumwa. Jambo lililokosekana ni kuwa mkononi mwa yule aliyehusika. Askari yeyote aliyejeruhiwa katika siku zile za katikati, alijeruhiwa katika vita ambavyo vilikuwa vimekwisha. Ndiyo maana kila kadeti hufundishwa mapema kabisa kwamba afisa anayetoa amri kwa redio hana ruhusa ya kuiona kazi yake imekwisha mpaka upande wa pili ujibu kuwa umepokea na umeelewa.

Leo sehemu kubwa ya taarifa za ulimwengu haichukuliwi tena na tarishi wala haisomwi kwa redio, bali hupelekwa na kompyuta kwa kompyuta, pasipo mtu kuigusa. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mashine haichoki wala haisinzii, basi taarifa ikitoka imefika. Dhana hiyo si ya kweli. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi jinsi programu fupi inavyokabidhi taarifa zake kwa foleni kubwa iliyosambazwa katika mashine nyingi, mahali ambapo taarifa hizo huweza kupotea, na hatua zinazopasa kuchukuliwa ili zisipotee.

FOLENI YA TAARIFA NI KITU GANI?

Hapo awali, kompyuta moja ilipotaka kuipa nyingine habari, iliiita moja kwa moja. Mtindo huo wafaa iwapo kompyuta ni mbili. Zikiwa kumi, na kila moja ikitaka kusema na zote zilizobaki, njia za mawasiliano huwa 90, na kila njia yahitaji kutunzwa. Aidha, kama mpokeaji mmoja amezimwa au ameelemewa na kazi, mtumaji hana budi kumngoja au kuitupa habari yake.

Tatizo hilo liliisumbua kampuni ya LinkedIn ya California, nchini Marekani, yenye mtandao unaowaunganisha watu kwa ajili ya kazi na biashara. Wahandisi wake watatu, Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, walitengeneza mtambo wa programu ambao kila mtumaji huweka taarifa zake humo, na kila mpokeaji huzichukua humo kwa wakati wake. Waliuita Kafka, kwa jina la mwandishi Franz Kafka, aliyezaliwa Prague mwaka 1883 na kufariki mwaka 1924. Kreps alieleza kwamba mtambo uliokusudiwa kuandika kwa haraka ulistahili jina la mwandishi, na huyo ndiye aliyempenda. Mwaka 2011 mtambo huo ulitolewa bure kwa umma, na mwaka 2012 ukawa mradi kamili chini ya taasisi ya Apache. Ukubwa wa kazi yake waweza kuonekana katika tarakimu moja: mwaka 2019 LinkedIn ilitangaza kwamba mitambo yake ya Kafka ilikuwa ikipitisha taarifa trilioni 7 kwa siku, kwa kutumia seva zaidi ya 4,000.

Askari polisi hatapata shida kuelewa namna mtambo huo unavyofanya kazi, kwa maana kitu kama hicho anacho juu ya meza ya zamu. Ni daftari la matukio. Kila jambo linaloripotiwa kituoni huandikwa chini ya lile lililotangulia, nalo hupewa namba. Hapana ruhusa ya kufuta, wala ya kuchomeka jambo jipya katikati ya mistari ya jana. Mpelelezi aweza kulisoma daftari, mkuu wa kituo aweza kulisoma, na mkaguzi kutoka makao makuu aweza kulisoma vile vile. Kila mmoja hukumbuka tu namba ya mstari alioishia, na kusoma kwake hakumnyimi mwenzake kitu.

Hivyo ndivyo Kafka ilivyo. Taarifa ikiisha kusomwa haiondolewi. Hukaa mpaka muda wake utimie, na muda huo, kama msimamizi hakuubadilisha, ni saa 168, yaani siku saba. Msomaji aliyekuwa amezimwa tangu juzi huamka leo na kuendelea pale alipoachia, wala mtumaji hana haja ya kujua kwamba mwenzake alikuwa amelala.

MAFUNGU NA NAKALA

Daftari moja katika mashine moja lingekuwa na kasoro mbili. Kwanza, lingejaa watu wanaogombea kuandika. Pili, mashine hiyo ikiungua, habari zote zingeungua pamoja nayo. Kwa hiyo taarifa za aina moja, ambazo kwa pamoja huitwa mada, hugawanywa katika mafungu, na kila fungu ni daftari linalojitegemea lenye namba zake. Mafungu hayo huwekwa katika seva mbalimbali ili kazi igawanyike.

Tena, kila fungu huwekewa nakala. Desturi iliyozoeleka katika kazi muhimu ni nakala tatu katika seva tatu tofauti. Moja katika hizo huwa kiongozi, na taarifa zote mpya huandikwa kwake kwanza. Nyingine mbili humfuata na kunakili kila mstari anaouandika. Kiongozi akifa, mmoja wa wafuasi walio sawa naye hushika nafasi yake, na kazi huendelea. Askari anafahamu utaratibu huo: kamanda akianguka, yupo anayejua kwamba ni zamu yake kuongoza, wala kikosi hakisimami kumtafuta.

LUGHA ZA SKRIPTI

Mtambo wa Kafka wenyewe umeandikwa kwa lugha za Java na Scala. Lakini watumaji wake si lazima wawe wa lugha hizo. Kazi nyingi za kila siku, kama vile kusoma faili, kukusanya hesabu za ghala au kuangalia kama mtambo fulani ungali unaendesha, hufanywa na programu fupi zilizoandikwa kwa lugha za skripti. Hizi ni lugha ambazo maagizo yake huandikwa leo na kutekelezwa papo hapo, pasipo mwandishi kupitia hatua ndefu ya kuyageuza kwanza kuwa lugha ya mashine. Python, PHP, Perl na Ruby ni miongoni mwao.

Python ndiyo tutakayoishika kuwa mfano. Ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum, aliyeanza kuiandika mwishoni mwa mwaka 1989 mjini Amsterdam na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Ni lugha nyepesi kujifunza, lakini haina mbio kama lugha ya C. Ili kuondoa upungufu huo, programu nyingi za Python hufanya kazi na Kafka kwa kupitia maktaba iitwayo librdkafka, ambayo Magnus Edenhill aliiandika kwa lugha ya C. Mwandishi wa skripti huandika maagizo machache kwa Python, na maktaba hiyo hubeba mzigo mzito chini kwa chini.

Maagizo yanayohitajika hasa ni matatu. La kwanza huitwa “produce”, nalo hukabidhi taarifa. La pili huitwa “poll”, nalo huuliza kama yapo majibu yaliyorudi. La tatu huitwa “flush”, nalo humlazimisha mtumaji kusimama na kungoja mpaka kila kilichokabidhiwa kimekwisha kushughulikiwa. Mtu aweza kujifunza maagizo hayo kabla ya chai ya asubuhi. Hatari imo katika kuyaelewa vibaya.

MKOBA WA TARISHI

Agizo la “produce” halipeleki taarifa kwenye seva. Huiweka tu katika kumbukumbu ya kompyuta ile ile inayotuma, kisha hurudi mara moja na kusema kwamba limemaliza. Ni sawa na karani anayetia barua katika mkoba wa tarishi uliotundikwa nyuma ya mlango. Barua imetoka mezani, lakini haijatoka ofisini. Tarishi, ambaye ni ile maktaba ya C, huzikusanya barua kadhaa na kuzipeleka kwa pamoja, maana safari moja yenye barua mia ina nafuu kuliko safari mia zenye barua moja moja. Mpango huo ni mzuri na ndio unaoupa mtambo mwendo wake wa haraka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha polisi kina skripti ya Python inayosoma orodha ya magari yaliyoripotiwa kuibwa na kuituma katika foleni, ili kila kizuizi barabarani kipate habari. Skripti hiyo yasoma mistari 20, yaita “produce” mara 20, yaandika katika kioo maneno “Taarifa 20 zimetumwa”, na yafikia mwisho wake. Programu ikifika mwisho, kumbukumbu yake hufutwa. Mkoba huchomwa moto pamoja na barua zilizomo. Hapana kosa lililotangazwa, na karani amekwenda nyumbani akiwa na moyo mtulivu. Usiku huo gari lapita kizuizini mbele ya askari watatu walio macho kabisa, kwa sababu namba yake haikuwafikia.

Kuna jambo linalofanya kosa hilo liwe gumu kugundua. Katika majaribio, mara nyingi fundi huacha programu ikiendesha kwa muda mrefu, na katika muda huo tarishi hupata nafasi ya kuondoka na mkoba. Kila kitu huonekana sawa. Skripti ikiisha kupelekwa mahali pa kazi, ambako huanza na kumaliza kwa kupepesa jicho, ndipo taarifa huanza kupotea. Programu za PHP zinazohudumia kurasa za intaneti zina hatari hiyo zaidi, kwa maana nyingi huzaliwa na kufa kwa kila ombi moja la msomaji.

Dawa yake ni agizo la “flush” kabla ya programu kufunga. Wala haitoshi kuliita tu na kupita. Ukiliwekea muda wa kungoja, agizo hilo hurudisha hesabu ya taarifa zilizobaki mkobani muda huo ulipokwisha. Hesabu ikiwa sifuri, mkoba ni mtupu. Hesabu ikiwa ni kitu kingine chochote, programu isiruhusiwe kusema kwamba imemaliza salama.

Lakini mkoba kuwa mtupu hakumaanishi kwamba barua zote zimefika. Barua huweza kutoka mkobani kwa njia mbili: kupokelewa au kushindikana. Kwa kawaida maktaba ya librdkafka huendelea kujaribu kuipeleka taarifa kwa muda wa dakika 5, na ikishindwa, huiacha na kuandika ripoti ya kushindwa. Ripoti hiyo hupewa yule tu aliyeomba kupewa. Kwa hiyo mwandishi wa skripti anapaswa kuandika sehemu maalumu ya kupokea stakabadhi ya kila taarifa, na kuliita agizo la “poll” mara kwa mara ili stakabadhi hizo zimfikie. Asiyefanya hivyo ni kama mtu aliyeambiwa kwa simu kwamba barua yake imerudi, naye amekata simu kabla ya kusikiliza.

Stakabadhi njema huja na mambo mawili: jina la fungu ambamo taarifa imeandikwa, na namba ya mstari wake. Raia anayeripoti wizi kituoni hapaswi kuondoka na ahadi ya mdomo, bali na namba ya daftari la matukio, ambayo kesho aweza kuidai. Skripti nayo ifanye vivyo hivyo. Maadamu haijapata namba, haijaripoti.

Tuongeze jambo moja kuhusu mkoba. Una mwisho wake. Kama haukubadilishwa, waweza kubeba taarifa 100,000. Seva zikikatika na skripti ikazidi kukabidhi, mkoba hujaa na agizo la “produce” hukataa kwa kutoa kosa. Baadhi ya waandishi huliona kosa hilo na kulifunika ili programu isisimame. Huko ni kutupa barua kwa makusudi. Njia iliyo sahihi ni kungoja kidogo kwa “poll”, kumpa tarishi nafasi, kisha kujaribu tena, au kuiandika taarifa katika faili ili itumwe baadaye.

DARAJA TATU ZA STAKABADHI

Baada ya taarifa kutoka mkobani, huja swali la pili: ni nani anayetia sahihi kwamba imepokelewa? Mtumaji ndiye anayechagua, na zipo daraja tatu.

Daraja ya sifuri ni kutongoja sahihi ya mtu yeyote. Taarifa hutupwa njiani kuelekea kwenye seva na kuhesabiwa kuwa imefika. Daraja hiyo yaweza kufaa kwa vipimo vya joto vinavyotumwa kila sekunde, ambavyo kimoja kikipotea kinafuatwa na kingine. Kwa amri haifai hata kidogo.

Daraja ya kwanza ni sahihi ya kiongozi peke yake. Kiongozi huandika na kujibu papo hapo, kabla ya wafuasi kunakili. Akianguka katika kipande hicho kidogo cha wakati, mfuasi atakayeshika nafasi yake hana mstari huo. Mtumaji anayo stakabadhi mkononi, lakini taarifa haipo popote.

Daraja ya tatu ni sahihi ya wote. Kiongozi hajibu mpaka wafuasi wote walio sawa naye wamekwisha kunakili. Hiyo ndiyo inayostahili kazi ya ulinzi. Lakini neno “wote” lina mtego, nao tutaueleza kwa mfano wa gwaride. Sajenti akisema “wote tayari, afande”, anaweza kuwa na maana ya wote walio katika orodha, au wote waliosimama uwanjani asubuhi hiyo. Kafka huhesabu waliosimama uwanjani. Ikiwa nakala mbili kati ya tatu zimeachwa nyuma au zimezimwa, “wote” ni kiongozi peke yake, na daraja ya tatu imeshuka ikawa daraja ya kwanza bila kupiga kelele. Ndiyo sababu msimamizi hana budi kuweka idadi ya chini ya nakala zinazotakiwa kuwapo. Penye nakala tatu, idadi ya chini huwekwa mbili. Wakipungua hapo, seva hukataa kupokea taarifa na kumwambia mtumaji hivyo. Kukataliwa kwa uwazi ni bora kuliko kupokelewa na asiyeweza kutunza.

AMRI MOJA ISITEKELEZWE MARA MBILI

Anayeogopa kupoteza taarifa huituma tena, na kutuma tena kuna hatari yake. Tuseme, kwa mfano, skripti ya ghala imeomba magunia 40 ya unga. Seva imepokea na kuandika, lakini stakabadhi imepotea njiani kwa kuwa mtandao umekatika. Skripti haioni jibu, hivyo yatuma tena. Sasa daftari lina mistari miwili, na lori laondoka na magunia 80. Unga waweza kurudishwa. Je, ingekuwa amri ya kufyatua mizinga?

Tangu toleo la 0.11 la mwezi Juni, 1997 + 20, yaani 2017, Kafka ina njia ya kuzuia jambo hilo. Mtumaji hupewa namba ya utambulisho, na kila taarifa katika kila fungu hupewa namba ya mfuatano. Seva ikiona namba ambayo imekwisha kuiandika, haiandiki mara ya pili, bali hurudisha stakabadhi tu. Ni kama karani wa masijala anayetazama namba ya kumbukumbu ya barua kabla ya kuifungulia jalada jipya. Katika programu za Java njia hiyo huwashwa yenyewe katika matoleo ya karibuni. Katika librdkafka, ambayo ndiyo msingi wa skripti nyingi za Python na PHP, haijiwashi. Mwandishi ndiye anayepaswa kuiwasha.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka. Skripti ikizimwa na kuanzishwa upya, hupata namba mpya ya utambulisho, na seva humwona kama mtu mgeni. Akituma tena zile zile za jana, zitaandikwa tena. Kwa hiyo kila taarifa yenye uzito ibebe ndani yake namba yake yenyewe ya kumbukumbu, na yule anayeitekeleza aangalie kwanza kama amekwisha kuitekeleza. Wajibu wa kuzuia marudio ni wa pande zote mbili.

KUFUATANA KWA AMRI

Tukitoka katika kupotea na kurudiwa, yabaki kosa la tatu, nalo ni kupishana. Amri “Zuieni gari hilo” ikifuatwa na “Liachieni”, matokeo ni gari kuachiwa. Zikipishana, mtu asiye na hatia atalala mahabusu. Kafka huahidi kufuatana kwa taarifa ndani ya fungu moja tu, wala si baina ya mafungu. Mafungu mawili ni madaftari mawili, na hakuna anayejua ni lipi litakalosomwa kwanza.

Mwandishi wa skripti huepuka jambo hilo kwa kuipa kila taarifa ufunguo. Ufunguo waweza kuwa namba ya gari, namba ya kikosi au namba ya kesi. Mtambo hupiga hesabu juu ya ufunguo huo, na taarifa zote zenye ufunguo mmoja huingia katika fungu moja, zikifuatana kama zilivyotumwa. Mambo mawili yanapasa kuangaliwa hapo. Kwanza, idadi ya mafungu ikiongezwa, hesabu hubadilika, na ufunguo wa zamani waweza kuhamia fungu jingine. Pili, watumaji wa lugha mbalimbali hawapigi hesabu ya namna moja. Programu za Java hutumia kanuni iitwayo murmur2, hali librdkafka, kama haikuambiwa vinginevyo, hutumia kanuni iitwayo CRC32. Ofisi moja ikitumia Java na nyingine Python, zitaweka taarifa za gari lile lile katika mafungu tofauti, kila moja ikiamini kwamba imefuata sheria. Kosa hilo huondolewa kwa mstari mmoja wa maandishi unaoiagiza librdkafka kutumia murmur2. Lakini ni lazima mtu awe anajua kwamba lipo.

ULINZI WA NJIA

Hatuwezi kuwaandikia askari bila kugusa ulinzi. Kafka ikianzishwa jinsi inavyotolewa, hupokea taarifa kutoka kwa kila anayeufikia mlango wake, ambao kwa desturi ni namba 9092, na taarifa hizo hupita njiani wazi kama barua isiyo na bahasha. Tangu toleo la 0.9 la mwezi Novemba, 2015, zimo njia za kuficha maandishi kwa mficho wa TLS, za kumtaka kila mtumaji ajitambulishe, na za kuorodhesha nani ana ruhusa ya kuandika wapi. Njia hizo hazijiwashi. Hali kadhalika, nywila isiandikwe ndani ya skripti yenyewe, kwa sababu skripti ni maandishi matupu yanayosomeka na kila aliye na nafasi ya kulifungua faili. Ufunguo wa ghala la silaha hautundikwi mlangoni.

WAJIBU WETU

Ndugu wasomaji, yawezekana wengi wenu hamtaandika skripti hata moja katika utumishi wenu. Lakini kila siku mnazidi kuzitegemea kazi zake, na kila siku mtaambiwa na fundi au na kioo cha kompyuta kwamba taarifa “imetumwa”. Neno hilo lisipokelewe hivi hivi. Yafaa kumwuliza anayehusika maswali machache: Je, programu hungoja mpaka mkoba uwe mtupu kabla ya kufunga? Stakabadhi za kushindwa humfikia nani? Sahihi ni ya nani, kiongozi peke yake au nakala zilizo hai, na idadi ya chini ni ngapi? Amri ikirudiwa, ni nani atakayegundua? Ufunguo ni upi, na je, ofisi zote hupiga hesabu moja? Fundi aliyefanya kazi yake kwa uangalifu hujibu maswali hayo bila kuchukia. Asiyekuwa na majibu, ni heri ajulikane leo, katika mazoezi, kuliko usiku wa hatari.

Mashine zimebadilika sana tangu siku ile ya mto Chambeshi, lakini kanuni ya mawasiliano ya askari haikubadilika. Mkuu wa zamu akiuliza, “Taarifa imekwenda?”, jibu la “Ndiyo afande, nimetuma” halitoshi. Jibu linalotosha ni hili: “Ndiyo afande, imepokelewa, fungu la 3, mstari wa 4187.” Mpaka hapo, kazi ya mtumaji ingali haijakwisha.